Zilizobaki

Akullu, binti yangu, alinijia na kitabu cha hesabu
cha kampuni ya mafuta ya alizeti, hapa hapa Lira,
kidole chake kimegota kwenye mstari mmoja:
faida limbikizi, shilingi bilioni tatu.
"Baba, hawa wameshiba. Tia kiinua mgongo chako humu."

Mimi nililipa mishahara kambini miaka ishirini na sita.
Kiswahili hiki nilikiokota huko, pamoja na kikohozi na shaka.
Nimeona majina yakiitika kwenye gwaride la karatasi
na buti zao hazina miguu.
Basi bilioni tatu hazinipigishi saluti.

Nikamwambia: mwanangu, mstari huo si droo.
Usidhani ukiuvuta utasikia sarafu.
Ni kumbukumbu tu. Tangu mwaka wa kwanza,
kila faida, toa kila hasara, toa kila gawio,
kilichosalia kikaandikwa hapo.
Kiliandikwa. Hakuna aliyekiamuru kikae.

"Kwa hiyo hela ziko wapi?"

Hapo ndipo nilipovaa viatu.

Kiwanda kiko barabara ya Soroti. Meneja, Ogwang,
kijana mpole mwenye mashudu kwenye nyusi, akanitembeza,
nami nikazikuta hela mojamoja, kama askari watoro.
Nyingine zimekuwa matangi manne, mawili yanalia ukiyagonga.
Nyingine zimelala chini ya turubai:
mashine ya kukamua, mpya tangu miaka sita,
inasubiri kipuri ambacho, naambiwa, kiko njiani.
Kuku ametaga mdomoni mwake.
Nyingine ziko mashuleni, madumu yaliyochukuliwa kwa mkopo;
maharage yamekaangwa, yameliwa, wanafunzi wamehitimu,
deni bado linasoma.
Nyingine zina viti vya ngozi na dereva,
zimeegeshwa kivulini, injini inanguruma
ili mkurugenzi akitoka asikute joto.

Sikucheka. Nilipanda pia juu ya mizani ya wakulima
na ikanitaja kilo zangu bila kunionea.
Ghala halivuji. Watu wa Dokolo wanalipwa siku hiyohiyo.
Hayo nayo ni faida iliyobaki,
na kampuni inayogawa hadi senti ya mwisho
mvua zikikosa huenda kupiga magoti benki.

Lakini usiku, kwa taa ya sola, nikatafuta kalamu.
Miaka kumi nyuma, faida ya mwaka: milioni mia nne.
Mwaka jana: milioni mia nne na ishirini.
Katikati, bilioni tatu wamenyimwa wenye hisa
kwa neno moja, "tunakuza".
Gawanya, Akullu.
Kila elfu waliyoizuia imeongeza, kwa mwaka,
shilingi zisizofika saba.
Na sabuni ilikuwa bei gani miaka kumi nyuma?

"Lakini si hasara, Baba."

Si hasara. Ni askari aliyelishwa miaka kumi
bila kuvuka lango.

Alinuna. Siku ya pili nikampeleka nyuma ya soko
kwa Amongi, mjane, mwenye kinu kinachotetemesha ukuta wa jirani.
Milioni themanini tu amebakiza tangu aanze,
akanunua chujio kuukuu na pikipiki ya magurudumu matatu;
faida yake ilikuwa kumi na mbili, leo thelathini na sita.
Kila elfu, mia tatu. Akullu alipiga hesabu mwenyewe,
midomo ikitembea.

Nikauliza kama anauza hisa.
Amongi akafuta mikono kwa gunia, akanitazama
jinsi nilivyokuwa nawatazama wanaodai mishahara miwili.
"Nikuuzie ili nifanyie nini hela yako?"

Sikuwa na jibu. Nilinunua lita moja ya mafuta.
Alinirudishia chenji kamili,
akaifungua droo, ikalia,
akaifunga.